Bibi kapata pe yake

Kwa fomu za ofisini, Bibi ni mtu asiyejua kusoma. Huweka dole gumba, mambo yakaisha. Na ndiye huyu aliyekuwa akimwandikia mama barua alipoolewa Mombasa, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, herufi zile zile za utendi alioutunga Mwana Kupona wa Pate mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. (Naye wangemwekesha dole gumba tu.)

Simu ilipoingia nyumbani ikamnyang'anya kalamu. Kibodi ya Kizungu haikumfaa, akabaki na voisi. Sasa voisi za Bibi, Mola ampe umri, ni ndefu: salamu, kikohozi, ugomvi wa jirani na paka, na mwisho kabisa ndipo anapotaja anachotaka ununue. Ukiwa sokoni sehemu hiyo utaitafutia wapi?

Wiki hii nimemwekea kibodi ya Kiarabu. Ujumbe wa kwanza: "Niletee baba." Kumbe papa! Pe, herufi ya sauti ya "p", haionekani kwenye kibodi hiyo. Ubonyeze be, uishikilie, ndipo ichomoze na nukta zake tatu. Che imejificha kwenye jimu, ve kwenye fe. Nilipomwonyesha akang'aka: "Na miaka yote hii mlikuwa mwaijua?"

Mpwa wangu, bingwa wa "cjui" na "xaxa", akaichukua simu akaanza kusoma kwa lahani ya chuo cha Kurani. Katikati akakwama, akaangua kicheko: "Ni Kiswahili!" Herufi anazo tangu utotoni, ila hakuna aliyemwambia kwamba zaandika na lugha ya nyumbani. Tableti za serikali zilizoanza kugawiwa shule za msingi mwaka 2016 hazikuja na somo hilo.

Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, yenye herufi hizi hizi, imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni kupitia British Library, na ni kazi ya kushukuriwa. Lakini wadukuzi walipoivamia maktaba hiyo mwaka 2023, huduma zake nyingi za mtandaoni zililala kwa miezi. Mimi nina imani zaidi na Bibi anayeagiza kitoweo.

Kilichobaki ni vita na simu yenyewe, inayodhani anaandika Kiarabu na kumbadilishia maneno. Leo nimeizima hiyo kazi ya kusahihisha. Dada yake Bibi wa Matondoni ameshapata habari, naye ataka awekewe.