Asubuhi ya Fungu 38

Mwaka 2013 Bunge la Muungano lilianza utaratibu mpya wa bajeti: kujadili kuanzia Aprili na kupitisha kabla ya tarehe 1 Julai, ili serikali isiingie mwaka mpya wa fedha wabunge wakiwa bado wanajadili. Sisi vijana wa mdahalo tukaandaa Bunge letu la kuigiza la siku moja pale Upanga, Dar es Salaam, si mbali na Karimjee ambako Bunge lenyewe lilikuwa likikaa zamani. Nilipewa kazi ya ratiba.

Rasimu niliyoikuta iliweka Elimu na Afya asubuhi. Wizara ya Ulinzi ilikuwa ya mwisho kabisa, jioni watu wameshachoka, na mbele yake pameandikwa kwa penseli: "Hotuba, kisha kura." Dada aliyekuwa Spika wetu akanieleza kwamba mambo ya jeshi ni siri, sasa tutachangia nini?

Hilo lilinikera, na bado linanikera. Silaha ni ngapi na ziko wapi, hiyo ni siri, sawa. Lakini nyumba za askari? Usalama wa maghala ya silaha? Jiji hili limesikia mabomu ya Mbagala Aprili 2009, likasikia tena ya Gongo la Mboto Februari 2011. Na ni hapa hapa ambapo Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambini Colito, Lugalo ya leo, wakidai nyongeza ya mishahara na kutaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Fedha na uongozi vilidaiwa kwa pamoja.

Nikaenda Keko kwa mzee mmoja mstaafu, mpiganaji wa vita vya Kagera, ambaye tulikuwa tumemwalika awe mgeni wetu. Nikamwamkia, nikampa karatasi. Akaisoma, akailaza gotini na kuinyoosha mikunjo kwa kiganja.

"Mwanangu, mnataka kujua zimetumika ngapi, au zimefanya nini?"

Akanikumbusha kwamba mwaka 1978, vita vilipoanza, Mwalimu Nyerere alitaja sababu, nia na uwezo. Sababu na nia hazinunuliwi, akasema. Uwezo ndio unaolipiwa: buti, mafuta ya malori, mafunzo. Na vita vilipokwisha, wananchi ndio walioambiwa wafunge mikanda miezi 18. Wana haki ya kuuliza.

Nilirudi na pendekezo: Ulinzi saa tatu asubuhi, ufanisi ujadiliwe kwanza, ndipo tuingie Kamati ya Matumizi, kupitia bajeti fungu kwa fungu. Spika alikataa. Tulibishana sana, mpaka akakubali kwa sharti kwamba Elimu isipunguziwe hata dakika moja. Tukakata hotuba za ufunguzi, na sijui nani alizikosa.

Siku ilipofika, kwenye Fungu 38, la Ngome, yaani jeshi lenyewe, binti mmoja alishika shilingi, yaani alitoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye bajeti ili kumbana Waziri, akitaka maelezo kuhusu askari wanaopanga vyumba uraiani. Waziri akajibu kwa jumla jumla. Binti akasimama tena: "Mheshimiwa Mwenyekiti, shilingi bado ninayo." Ikapigwa kura, akashindwa, lakini Waziri alikuwa ameshalazimika kujibu mara tatu, na kila jibu lilikuwa na nyama kuliko lililotangulia.

Fungu 39, la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ndilo lililokula muda kuliko yote. JKT kwa mujibu wa sheria, yaani ya lazima, iliyosimamishwa mwaka 1994, ilikuwa imerejeshwa mwaka huo wa 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, na wengi mle ukumbini walikuwa wakisubiri kuona kama majina yao yatatoka.