Pamba Ndani ya Kopo

Mwaka 1989, nikiwa msichana wa shule katika kambi ya polisi ya Naguru jijini Kampala, Uganda, nilisikia kwamba mwanamuziki wa nchi yetu Philly Lutaaya ametangaza hadharani kuwa anaishi na virusi vya UKIMWI, na hadi alipofariki mwezi Desemba mwaka huohuo nilimhesabu kuwa shujaa. Hata hivyo, miaka mingi baadaye, mtoto wa marehemu kaka yangu alipokuwa akimeza vidonge kila jioni mezani kwangu, nilimwambia kwamba ni dawa ya kifua.

Aliniamini hadi alipofikisha miaka 14, siku mwalimu alipotaja darasani majina ya dawa za kufubaza virusi, naye akayakumbuka maandishi ya kwenye kopo lake. Aliporudi likizo hakulia wala hakugomba. Aliniuliza tu, "Shangazi, nani mwingine anajua?" Nilipoanza kuwataja, bibi yake, baba yake mdogo, hata jirani aliyewahi kumpeleka kliniki, uso wake ulibadilika, kwani alitambua kuwa siri yake ilikuwa mikononi mwa kila mtu isipokuwa yeye.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unataka watoto wa umri wa kwenda shule waelezwe hali yao. Nilijidanganya kwamba ninamkinga, kumbe nilikuwa nikilikimbia swali kuhusu mama yake.

Bwenini alijaza pamba ndani ya kopo ili vidonge visisikike, akavimeza chooni, na muhula uliofuata akaacha kabisa. Kipimo cha wingi wa virusi ndicho kilichotufahamisha. Namshukuru sana kijana aliyekuwa akijitolea pale kliniki, naye akiishi na virusi tangu kuzaliwa, ambaye hakumkaripia bali aliketi naye nje hadi jioni. Ni kwa kijana huyo mtoto wetu alikosema kwamba hakuchoshwa na dawa, alichoshwa na kujificha.

Alirudia dawa, na virusi vimefubaa. Imani yake kwangu inarudi polepole. Mwezi uliopita aliuliza kama mama yake alijua hali yake akiwa mjamzito. Nilimjibu kwamba wifi yangu hakupimwa mapema, na kwamba siku alipopata majibu alimlilia mtoto kabla ya kujililia mwenyewe. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniomba picha ya mama yake.