Dima ya taa sebuleni: tulivyoiweka salama

Mama huamka usiku kuswali, na taa za sebule zikiwaka kwa nguvu zote zinamuumiza macho. Ndipo nikaamua kuweka dima, swichi ya kuzungusha inayopunguza na kuongeza mwanga. Nyumba iko Shangani, Mtwara.

Kabla ya kwenda dukani nilisoma maandishi ya kwenye taa zenyewe, na kwangu mimi hapo ndipo penye kazi yote. Si kila taa ya LED inakubali kupunguzwa. Isiyokubali hucheza, huvuma, na huweza kufa mapema. Inayokubali huandikwa hivyo kwenye boksi lake. Zangu hazikuwa na maandishi hayo, kwa hiyo nilizibadilisha zote sita: wati 7 kila moja, jumla wati 42.

Muuzaji akanitolea dima ya wati 60 hadi 400. "Dada, hii inabeba nyumba nzima." Kubeba ingebeba, ila imetengenezewa globu za kizamani zinazokula umeme mwingi. Wati 42 hazifiki hata kiwango chake cha chini, na mwanga ungetetemeka. Nikaagiza ya LED, wati 5 hadi 150.

Kuifunga nilimwachia fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Alizima saketi breka, kisha akapima kwa tesita kabla ya kugusa chochote. Dima ukiizungusha mpaka taa zizime, usidhani umeme umekatika. Waya wa moto bado una volti 230 nyuma yake.

Boksi la ukutani lilikuwa la kina kifupi. Dima ni nene na hutoa joto, haitaki kubanwa na waya, kwa hiyo alichimba akaweka boksi la milimita 35. Ncha za waya zilikuwa zimeota ukijani kwa hewa ya chumvi ya huku pwani. Alizikata, akamenya upya, akakaza skrubu barabara. Maungio yaliyolegea ndiyo yanayochoma swichi. Sasa nikiigusa ina uvuguvugu tu, na hiyo ni kawaida. Ingekuwa ya moto ningezima na kumwita.

Niliuliza kama feni ya dari nayo ipite humo. Alikataa kabisa: mota inahitaji regulata yake. Soketi pia haiungwi kwenye dima, maana leo utachomeka taa ya mezani, kesho mtoto atachomeka chaja.