Siku Moja Maishani Mwangu: Meneja Mradi Siku ya Kumwaga Slabu

Saa 10:15 alfajiri. Kabla sijagusa simu nasikiliza bati. Ni Novemba, mvua za vuli zimeshaanza, na leo tunamwaga slabu, yaani sakafu nzima ya zege, ya ghorofa ya tatu. Bati liko kimya. Namshukuru Mungu, naoga, namkumbusha mume wangu sare ya mtoto iko wapi, natoka.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana hata kwetu haijaeleweka. Shangazi yangu aliwahi kuniuliza mbele ya wageni: "Michoro anachora msanifu, nondo anapiga hesabu mhandisi, tofali anapanga fundi. Sasa wewe mwanangu unalipwa kwa lipi?" Mimi ni meneja mradi upande wa mkandarasi. Sichori wala sifungi nondo. Kazi yangu ni kuhakikisha mchoro, nondo, mbao, fedha, kibali, fundi na lori vinakutana mahali pamoja siku ile ile, na kwamba kile kitakachochelewa kina mbadala wake. Siku vyote vikikutana, mpita njia anaona ghorofa linapanda tu.

Saa 11:30 niko saiti, Kijitonyama. "Shikamoo baba," namwamkia mlinzi. "Marahaba Injinia. Masimtanki yote yamejaa, umeme ulikatika saa nane ukarudi saa tisa." Huyu mzee angekuwa karani mzuri kuliko makarani wengi ninaowajua.

Saa 12. Napanda juu na fomeni. Mhandisi mshauri alikagua jana na kusaini, lakini slabu siimwagi kabla sijaizunguka mwenyewe asubuhi ile ile, kwa sababu usiku watu hupita juu ya nondo, spesa zinazoziinua zinapinduka, nondo zinalala kwenye mbao. Nikiwa na mchoro wa maji taka mkononi nahesabu matundu ya mabomba: yanatakiwa 9, yapo 8. Bomba la inchi 4 la choo cha upande wa nyuma halijawekewa nafasi. Fundi bomba anapigiwa simu, anakuja na bodaboda, dakika ishirini kazi imekwisha. Tungeligundua wiki ijayo, tungelitoboa zege lililokomaa na pengine kukata nondo.

Saa 1 kikao cha usalama, watu 46. Kofia ngumu, reflekta, gambuti, glavu. Narudia lile lile kila mara: saruji mbichi inaunguza ngozi, usiiache ikaukie mguuni. Chini ya slabu hakai mtu isipokuwa maseremala wawili wanaolinda mirunda na kugonga kabari zinazolegea.

Saa 2 kamili lori la kwanza linapiga honi. Slabu ni mita za mraba 320 na unene wa milimita 180. Ukijumlisha na mihimili, ni mita za ujazo 77, yaani malori 11 ya mita saba saba. Tunapima slampu, yaani ulaini wa zege: koni ya milimita 300, tabaka tatu, kila tabaka mipigo 25 ya fimbo, unainua koni, unapima zege limeshuka kiasi gani. Limeshuka milimita 120, ndani ya kiwango. Kyubu, vibonge vya zege vya kupimia nguvu yake baadaye, zinajazwa. Pampu inanguruma. Malori matano ya kwanza yanapita kama maji mferejini, na saa 3:55 tuna mita 35 juu.

Halafu lori la sita halikuja.

Napiga simu kiwanda cha zege, kule upande wa Tegeta. "Liko njiani Injinia, limeshafika Mwenge." Jibu hili nimelisikia kwa miaka tisa. Ndiyo maana siku ya slabu kubwa huwa naweka kijana wangu pale kiwandani tangu alfajiri, na daftari. Nampigia. "Dada, lori lilijazwa saa 3:35, limekwama nyuma ya ajali Barabara ya Bagamoyo. Na huku mkanda wa kupandisha kokoto umekatika. Mafundi ndio wanafungua sasa."

Basi, hapo ndipo siku yangu ilipoanza.

Zege halisubiri mtu. Ukilimwaga, ukaacha likashika, kisha ukamwaga jipya ubavuni mwake, vipande viwili havishikani. Unabaki na mstari dhaifu ambao baadaye utavujisha maji na huenda ukapasuka. Jua la saa nne la Dar es Salaam linaharakisha kila kitu. Natembea ukingoni mwa zege na fundi wa vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege ili lishikamane. Kipimo chetu ni hiki: iwashe, iache izame kwa uzito wake yenyewe, kisha uitoe polepole. Ikizama na tundu likajifunga, zege bado hai. Saa 4:30 inazama vizuri. Saa 4:45 inazama kwa kusita.

Stoo kuna mifuko 60 ya saruji na mikseta mbili za dizeli zilizokaa wiki tatu bila kazi. Bosi wangu alinihoji kuhusu zile mikseta, na alikuwa na haki, kwa sababu tunazilipia kodi. Mchanganyiko wake tulikubaliana na mhandisi mshauri kwenye kikao, tukaufanyia majaribio, ukasainiwa. Nampigia, namtumia picha ya ukingo, anasema anza, nakuja. Saa 4:50 mikseta zinawaka, ndoo zinapanda na winchi, na ukingo unalishwa zege jipya utepe kwa utepe. Wakati huohuo seremala anaandaa ubao wa kuzuia, ili tukilazimika kusimama kabisa, tusimame kwenye theluthi ya katikati ya nafasi kati ya nguzo na nguzo, ambapo nguvu inayotaka kuikata slabu ni ndogo. Huwezi kusimama popote unapochokea.

Saa 6 mwenye jengo anafika, pamoja na shemeji yake. Saa 6:05 lori la sita linaingia. Vilikuja pamoja, na nusu saa iliyofuata ilinichosha kuliko siku nzima.

Dereva anashuka, jasho linamtiririka. "Injinia, barabara ilifungwa. Si kosa langu."

"Najua si kosa lako kaka. Nipe karatasi."

Saa 3:35. Limekaa kwenye pipa saa mbili na nusu. Mkataba wetu na kiwanda unasema lisizidi saa mbili humo. Tunapima slampu hata hivyo. Milimita 40. Halitapita kwenye pampu.

"Niruhusu ndoo tano za maji tu," anasema dereva. "Litalainika. Saiti zote tunafanya hivyo."

Shemeji wa mzee mwenye jengo anadakia: "Dada, mimi nimejenga Mbezi. Zege likikaza unaongeza maji, kwisha. Nyumba ipo mpaka leo."

Mzee mwenyewe amenyamaza muda mrefu. Kisha: "Mwanangu, nimeuza shamba kujenga hapa. Leo unaniambia mita saba za zege ziko getini na unazirudisha?"

Ningeweza kumwambia mzee kwamba huo ni uamuzi wa kitaalamu na kugeuka zangu. Sikuona heshima katika hilo. Nilivua kofia, nikamsogeza kivulini, nikamweleza. Nilimwambia kwanza kwamba hajapoteza hata senti: zege hilo si letu mpaka nisaini karatasi, na sijasaini. Tuliandika kwenye mkataba kwamba likichelewa, hasara ni ya muuzaji. Pili, nikamwambia habari ya maji. Saruji inahitaji maji kiasi fulani tu ili ishike. Yanayozidi hayageuki kuwa zege. Yanakauka, yanaacha matundu madogo madogo ndani, na zege lenye matundu lina nguvu pungufu. Kwa macho utaliona zuri tu, tena laini, linapendeza mkononi. Udhaifu wake utaonekana kyubu zikivunjwa siku ya 28, na wakati huo tutakuwa tumeshapanda ghorofa la nne juu yake.

"Lakini wenzako wanaongeza," akasema shemeji.

"Wenzangu wanaongeza, ndiyo."

Sikuwa na la kuongeza. Kila mtu wa ujenzi hapa mjini anaikumbuka Machi 29, 2013, ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na watu 36 wakafa. Nilikuwa mwanafunzi. Kisha Kariakoo, Novemba 16, 2024, watu wakachimbuliwa kwenye kifusi kwa siku kadhaa, wengine wakipiga simu kutoka chini. Majengo huanguka kwa sababu nyingi. Lakini tangu siku hizo, mtu akiniambia "ndoo tano tu", siwezi kuisikia kama jambo dogo.

Katikati ya mazungumzo hayo bosi akapiga. Alishapewa habari. "Una uhakika?" Nikamwambia ninao. "Pampu ikipita saa 10 tunalipa saa za ziada." Nikamwambia najua. Akanyamaza kidogo, kisha: "Rudisha."

Dereva aliondoka bila kuaga. Sikumlaumu, na yeye alikuwa na siku yake. Mzee akaketi juu ya rundo la tofali, akaomba aonyeshwe kyubu. Fundi maabara akamwonyesha moja baada ya nyingine, na namba zake.

Kuanzia hapo saa zinanichanganyikia. Nakumbuka mhandisi mshauri akiwa amepiga goti ukingoni na vaibreta mkononi, akitikisa kichwa kwamba inafaa. Nakumbuka nimeita kiwanda mara kumi na saba, nimezihesabu kwenye simu. Mkanda ulifungwa, na lori la saba likafika saa 8:20. Mikseta zetu zilikuwa zimekwisha kula mifuko 40 na kutoa mita tano. Mita tano si nyingi, ila ndizo zilizoweka ukingo hai kwa zaidi ya saa nne, na nilikwenda nyuma ya stoo nikasimama peke yangu dakika mbili.

Watu walikuwa hawajala. Hili nalo ni langu. Mama ntilie alileta wali maharage saa saba na nusu, tukala kwa zamu, na nikamwomba aandae chapati na chai ya jioni, jambo ambalo halikuwamo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Mtu mwenye njaa juu ya jukwaa saa kumi na moja jioni ni hatari kuliko mrunda uliolegea.

Wingu likaja. Nailoni zilikuwa tayari zimekunjwa pembeni. Zikatandazwa juu ya sehemu iliyokwisha kusawazishwa, manyunyu yakapiga robo saa, yakapita. Malori yakaendelea kuja moja moja, yenye foleni ya jioni mgongoni. Miguu yangu ndani ya gambuti nilikuwa siisikii tena.

Giza lilipoingia tukawasha jenereta na taa, na jirani akaja getini, mama mwenye kichanga cha wiki mbili. Tulikuwa tumepeleka barua Serikali ya Mtaa kwamba kazi inaweza kufika usiku, lakini barua haimbembelezi mtoto. Nilimwomba radhi, tukasukuma jenereta upande wa pili wa jengo, waya ukawa mfupi, fundi umeme akaunga. Mama yule akasema, "Sasa nafuu." Nikamwahidi mwisho saa mbili na nusu.

Mkadiriaji alipima pengo lililobaki ili tusiagize kupita kiasi. Lori la mwisho likaleta mita mbili tu. Saa 2:10 usiku rula ya alumini ikapita mara ya mwisho, na vijana wakapiga mayowe juu kule gizani. Mimi nilikuwa chini nasaini saa za ziada za pampu. Pampu ikaoshwa. Vibarua wakalipwa kila mtu na nyongeza yake, kabla hawajavua gambuti, kwa sababu nimeshaona watu wakizungushwa mpaka Jumatatu na sitaki jina langu liwemo humo. Magunia ya katani tayari yameloweshwa. Alfajiri yatatandazwa, na slabu itanyweshwa maji siku saba.

Saa 4:40 usiku nafika nyumbani. Mtoto kalala na sare yake ya kesho iko kitini. Chakula kimefunikwa, nakula nimesimama. Simu inalia: ujumbe wa mzee mwenye jengo. "Umefika salama mwanangu?" Namjibu nimefika.

Kabla sijalala napitia picha ambazo fundi maabara amenitumia. Kyubu 24 zimepangwa stooni, mbili kwa kila lori tulilolipokea na mbili za mikseta zetu, moja ya kuvunjwa siku ya 7 na nyingine siku ya 28, kila moja imechorwa namba kwa msumari. Nazihesabu kwa kidole juu ya kioo cha simu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, saba.