Mana ya Leo

Kila ninapoirudia sura ya 16 ya Kitabu cha Kutoka, nazidi kuamini kwamba Mungu aliwafunza Waisraeli kuishi siku ya leo kabla hajawafikisha katika nchi aliyowaahidi. Mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia kutoka mbinguni walipokuwa jangwani, iliokotwa kila asubuhi, na waliobakiza hadi kesho yake waliikuta imeingia mabuu na kunuka. Siku ya sita pekee ndiyo waliyoruhusiwa kukusanya maradufu, kwa ajili ya Sabato. Yesu naye, alipowafundisha wanafunzi wake kusali, aliwaelekeza waombe riziki ya siku ile, kisha katika sura hiyohiyo ya 6 ya Mathayo akawaambia wasisumbukie ya kesho.

Hakukataza kupanga, maana Mithali inamsifu chungu anayeweka akiba wakati wa mavuno. Alichokataza ni ile hofu inayotuketisha na watoto wetu huku mioyo ikiwa mbali nao. Ndiyo maana asubuhi, kabla sijashika simu, namwomba Bwana anionyeshe mtu mmoja wa kuhudumiwa leo: mgonjwa wa kutembelewa, au ndugu anayengoja msamaha ambao, kwa desturi ya kibinadamu, tungeusogeza mbele kana kwamba miaka ni mali yetu.