Siku maziwa yalipokatika kwa bibi Kibosho

Desemba 2006, ule mwaka wa mgao wa umeme, mi nlikuwa form two na kama ilivyo kawaida yetu Krismasi ukoo mzima unapanda Moshi, tupo kwa bibi Kibosho na siku hiyo shangazi alikuwa na wageni wa heshima, watu wa upande wa mchumba wa binti yake, wanafika saa kumi na moja jioni. Mi nimepewa kazi moja tu, chai ya maziwa.

Maziwa alileta mama jirani, wa ng'ambo ya uzio wa masale, ule mmea wa majani marefu wa Uchagani, lita tatu kwenye kidumu, ndo ametoka kukamua, nlipoyapokea kidumu kilikuwa na joto na povu bado liko juu. Nikamimina nusu kwenye sufuria, nikatwanga tangawizi mbichi kipande kikubwa nikaitia humo humo kwenye maziwa, nikabandika kwenye jiko la mkaa ambalo moto wake ulishapoa poa, nikaenda kusuuza vikombe. Narudi nakuta maziwa yamekatika. Mabonge meupe laini yamejikusanya katikati, pembeni maji maji ya njano yanayoelekea kijani, nyuzi za tangawizi zimenasa kwenye mabonge, na hata hayajachemka jamani, ndo kwanza yanatoa moshi.

Shangazi hakuniuliza kitu. Alienda moja kwa moja kwenye masale akamwita yule mama, akamwambia huku watu wanasikia kwamba ametuuzia maziwa ya jana kachanganya na ya leo, anatuaibisha mbele ya wakwe. Yule mama akasema tu, "Dada, haya nimekamua sasa hivi," akarudi ndani kwake. Na mi nlikuwa najua ni kweli, povu nlikuwa nimeliona kwa macho yangu, nikanyamaza. Hiyo kitu inaniuma mpaka leo.

Wageni wakanywa chai ya rangi wakaondoka. Usiku umeme hamna, tumekaa jikoni na bibi, akaja kaka, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa mwaka wa pili chuo anasoma kemia. Akauliza tangawizi niliitia saa ngapi. Nikamweleza. Akachukua yale maziwa yaliyobaki kwenye kidumu akachemsha kidogo peke yake, yakaumuka vizuri tu, hayakukatika. Akachemsha tangawizi na maji mpaka ikatokota, ndo akaongeza maziwa, nayo yakakaa sawa. Halafu akarudia kama nlivyofanya mimi, tangawizi mbichi, moto mdogo, na hazikupita dakika nyingi yakaanza kuganda mbele ya macho yetu, bibi ameinamia sufuria na kibatari mkononi.

Sasa ndo akachukua glasi mbili, moja maji ya chumvi, nyingine maji na matone mawili ya maziwa, akazima kibatari akapiga tochi kwa ubavuni. Kwenye maji ya chumvi mwanga ulipita huoni kitu. Kwenye ile ya maziwa ukaona njia ya mwanga imenyooka katikati ya glasi, ina ubluu fulani hivi, nzuri kweli. Akasema chumvi imeyeyuka kabisa, ila maziwa hayajayeyuka, ni chembe zinaelea, matone ya mafuta na vifundo vya protini inaitwa kaseini, vifundo vyenyewe vidogo kiasi kwamba upange 5,000 hivi ndo vijaze milimita 1, ila kwa mwanga vinatosha kuutawanya. Vitu vya namna hiyo ndo koloidi, jina alilitoa mskoti Thomas Graham mwaka 1861 kutoka neno la Kigiriki la gundi. Mi darasani nlikuwa nimelikariri hilo neno bila kujua kwamba nalinywa kila asubuhi.

Vile vifundo vina kama vinywele nje vinavyovizuia kushikana. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya, yaani enzaimu, kinachokata vile vinywele, na moto wa wastani ndo kinaupenda, ukikichemsha kinakufa. Akasema kusini mwa China watu wanafanya hivyo makusudi, wanamwagia maziwa ya moto kwenye juisi ya tangawizi yanaganda bakulini wanakula na kijiko.

Bibi akasema, "Sisi mama zetu walitufundisha tangawizi itangulie na maji, mi nkadhani ni kupunguza ukali tu."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, sijui aliingia saa ngapi. Hakusema neno, akaenda kulala.

Asubuhi nlimkuta uani anakata jani la isale, na kwetu Wachaga ukimwendea mtu umeshika isale hahitaji kuuliza umefuata nini, umefuata msamaha. Akaniambia nibebe chupa ya chai, ya maziwa, tangawizi imechemka kwanza, tukapita pale kwenye uwazi wa uzio, yeye mbele mi nyuma.