Jeti ya sailensa: kabla hujachokora na waya

Hii kitu imekaa kwa roho yangu muda mrefu, leo wacha niiandike. Gari ya kabureta ikianza kuzima kila ukisimama kwa taa, mafundi wengi huku Nairobi wanafanya hivi: wanatoa jeti ya sailensa, kale kaskrubu ka shaba kenye tundu ndogo ya kupitisha mafuta injini ikinguruma polepole bila kukanyaga, wanachomoa uzi mmoja wa kebo ya klachi, wanauingiza kwa tundu wanazungusha zungusha, wanapuliza na mdomo alafu wanarudisha. Gari inashika sailensa siku hio na mwenye gari anafurahi. Baada ya mwezi plagi ni nyeusi kama masizi, mafuta inakunywa vibaya, na hakuna mtu anakumbuka ile waya.

Volkswagen Beetle yangu ni injini ya 1600 na kabureta ni Solex 34 PICT-3. Jeti yake ya sailensa imechapwa 55, manake tundu ni milimita 0.55. Hapo ni padogo sana jamani, na jeti ni shaba laini, waya wa chuma unaila. Sasa piga hesabu, tundu likipanuka likafika 0.60 unaweza dhani umeongeza kidogo tu, lakini mafuta yanapita kwa upana wa duara lote, kwa hivyo umeongeza karibu asilimia 19. Namba juu ya jeti bado inasema 55, fundi atakayekuja baadaye ataiamini hio namba na atatafuta shida kila mahali isipokuwa hapo.

Kusafisha ni rahisi tu. Itoe na bisibisi inayokaa sawasawa kwa mfuo, iloweke kwa dawa ya kabureta, piga upepo wa kompresa, alafu iinue uangalie mbingu kupitia kwa tundu. Unataka kuona duara safi, mviringo kamili. Ukiona duara limeumwa upande mmoja kuna uchafu bado, rudisha kwa dawa. Ukiona mikwaruzo inang'aa ndani, hio mtu ashaichokora, tafuta ingine.

Watu wengi wanafikiria hii jeti kazi yake ni sailensa peke yake, lakini ndo hio hio inalisha vitundu vidogo viko karibu na ukingo wa ile sahani ya throtu, vile unaanza kukanyaga mafuta kidogo sahani inavifunua na gari inatoka bila kushtuka mpaka jeti kubwa ichukue kazi. Kwa hivyo kama sailensa ni tamu lakini ukiachilia klachi gia ya kwanza gari inajikwaa, ile skrubu ndogo ya mchanganyiko wa mafuta na hewa haitakusaidia, manake yenyewe inatawala tundu la sailensa tu, lile liko chini ya sahani. Hapo angalia pampu ya kabureta kama inarusha mafuta mara moja ukikanyaga, kama inarusha vizuri basi sasa ndo unaanza kushuku jeti.

Alafu kuna mambo ya urefu wa nchi, na hii naona haizungumziwi kabisa. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 16. Kabureta haijui hewa imepungua uzito, inaendelea kumwaga mafuta kwa kufuata upepo unaopita, na ukipiga hesabu mchanganyiko unazidi mafuta kwa kama asilimia 9. Sasa linganisha jeti ya 55 na ya 52.5, tofauti ya eneo la tundu ni karibu hio hio asilimia 9! Nilipoiona hio hesabu nilifurahi sana kwa kweli. Kwa hivyo gari ya huku juu kwa kawaida inataka jeti ndogo, na sisi tunapanua. Ukiishi Limuru, zaidi ya mita 2,200, ndo kabisa. Nawaheshimu sana mafundi wa zile Beetle zilizoshinda Safari Rally 1954, 1957 na 1962, mbio zilikuwa zinapanda na kushuka nchi nzima na hakuna kompyuta ya kurekebisha chochote.

Lakini usikimbilie jeti. Nafasi ya valvu kwanza, milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa, nafasi ya pointi za distribyuta milimita 0.4, alafu taiming, yaani wakati wa cheche. Hizo zikiwa mbaya utazungusha skrubu mpaka jioni. Alafu tafuta hewa inaingilia wapi. Injini ikinguruma pulizia dawa ya kabureta kidogo kidogo kwa mipira ya manifoldi, yale mabomba yanayotoka kabureta kwenda kwa injini, na chini ya kabureta, mbali na distribyuta na waya za plagi tafadhali, ukiskia mlio umebadilika hapo ndo panavuja. Kuna mzee mmoja fundi aliniambia, "Kijana, gari ikiomba mafuta mengi uliza kwanza nani anaipea hewa." Na shafti ya throtu ikilegea kwa kabureta kuukuu inavuta hewa hapo pia, ishike uitikise uskie. Mwisho ile solenoidi, kifaa cha umeme kwa kabureta kinachofungulia mafuta ya sailensa, washa swichi bila kupiga stati, chomoa waya yake urudishe, lazima ilie tik. Isipolia, sailensa hutapata hata uweke jeti ya dhahabu.

Sasa skrubu. Iko kubwa na ndogo kando ya kabureta, na ya tatu iko kwa mkono wa throtu inagusa ile kamu, kipande chenye ngazi cha choki, ile ya kuwasha injini baridi. Hio ya tatu ndo kila mtu anaizungusha kupandisha sailensa, na ndo inaharibu kila kitu, manake inafungua sahani, vile vitundu vya juu vinaanza kumwaga na skrubu ndogo inakuwa haina kazi. Injini ikiwa moto na choki imefunguka yote, irudishe mpaka iache kugusa, alafu iingize iguse tu na robo mzunguko zaidi. Basi, iache hapo. Ile ndogo ifunge polepole mpaka ikae, usikaze ncha itaumia, alafu ifungue mizunguko miwili na nusu. Kubwa ndo ya kuweka sailensa, raundi 850 kwa dakika. Rudi kwa ndogo, zungusha kidogo kidogo ukitafuta pale injini inakimbia zaidi, ukipapata ifunge kidogo mpaka raundi zishuke kama 20 au 30, kisha rekebisha 850 na ile kubwa.

Hapo ndo skrubu ndogo inakuambia jeti. Injini ikipenda pale karibu na mizunguko miwili na nusu, jeti ni sawa, usiiguse. Ikitaka mzunguko mmoja tu, jeti ni kubwa. Ikiendelea kuomba hata ukipita mitatu na umeshahakikisha hakuna hewa inavuja, jeti ni ndogo ama imeziba. Yangu na 55 ilikuwa inatulia imefungwa karibu yote, na moshi ulikuwa unawasha macho kwa gereji. Nikaweka 52.5 na sasa inatulia kama miwili na nusu, inatoka vizuri, plagi zimegeuka rangi ya kahawia.

Ukiteremka pwani kaa na 55 yako safi kwa dashibodi. Ukifika Voi, gari ikianza kupiga piga kwa bomba la moshi ukiachilia mafuta kwa mteremko, mafuta yamekuwa kidogo. Ngoja ipoe, badilisha jeti, weka skrubu upya.